Mzee Hakujamba, Ni Sintesaiza

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyorekodi mpiga besi wetu kwenye send-off, eti baba wa binti kajamba, nisikilizeni na mimi. Mzee wa watu hakujamba. Ni SH-101, kinanda changu cha sintesaiza.

Wa siku nyingi hapa mnaijua mashine yangu: Roland SH-101 ya kijivu, toleo la mwaka 1982, mjomba baharia alishuka nayo bandarini akitokea Japani. Osileta (kizalisha sauti) moja tu, noti moja kwa wakati. Ukibonyeza funguo tatu upate noti tatu kwa pamoja, inakuchagulia moja, hizo nyingine utajua mwenyewe. Lakini chini ya ile osileta kuna sauti msaidizi inayokwenda oktavu moja au mbili chini. Ukiipandisha, besi inakuja na nyama zake, soda inatetemeka kwenye glasi. (Mpiga besi anaichukia kwa sababu inamlia kazi yake. Sasa mmeelewa kwa nini amesambaza.)

Na inatumia betri. Hizo betri ndizo zilizoniua.

Send-off, ukumbi mmoja Sinza. Keki inalishwa, tunapiga taratibu, nimewasha HOLD ili noti ya chini ijishikilie yenyewe na mkono wangu upate nafasi ya sambusa. Umeme ukakatika. Spika kimya, taa hola, feni zinamalizia mzunguko. Nikajua kila kitu kimezima. Kumbe mwenzenu SH-101 anaimba peke yake gizani, hana tu wa kumsikia.

MC akaona isiwe tabu: wakati jenereta linashughulikiwa, baba mzazi atoe neno. Tukamulika simu. Mzee akasimama mbele ya binti yake, bila maiki, na jamani yule baba anajua kuongea. "Mwanangu, nilikubeba mgongoni kutoka Mwananyamala, mvua inanyesha, una homa..." Mashangazi wanalia. Wapishi wanalia. Mimi sambusa imenikaba. "Njoo nikubariki," akasema. Binti akapiga magoti, mzee akainama ambusu kwenye paji la uso.

Jenereta likashika.

PRRRRRRUUUUUUUU.

Oktavu mbili chini, kupitia spika za besi zinazonifika kifuani. Taa zimewaka, ukumbi mzima unamtazama mzee aliyeinama, makalio yameelekea meza ya wakwe. Na haukuwa mlio wa kuja ukapita. Nilikuwa nimeiwekea LFO, kile kiyumbisha sauti, ya polepole, kwa hiyo ulikuwa unafunguka na kujifunga, pruuu-wau-wau-wau, una maelezo ya ziada.

Nikabonyeza funguo nyingine ili nikate. HOLD haikati, inahamia. Na portamento nilikuwa nimeijaza, kwa hiyo noti haikuruka, iliteleza kupanda: prrruuuuuuiiiii. Mzee naye ndiyo ananyanyuka. Wanangu, walikwenda sambamba! Kiuno kinanyooka, noti inapanda. Aliposimama wima, na yenyewe ikafika.

Shangazi mmoja akaweka kanga puani. Puani, siyo machoni!

Nikataka kufunga filta (kichujio cha sauti), nikashika kitelezi cha jirani yake, rezonansi, nikakisukuma mpaka mwisho. Filta ya hii mashine ukiifanyia hivyo inapiga mluzi yenyewe. Fiiiuuu, fiiiuuu. Nikazama chini ya meza ning'oe waya wa umeme. Waya upi? Betri! Napapasa sakafuni kama natafuta hereni, huku juu mluzi unaendelea, na mzee anageuka kuangalia nyuma yake mwenyewe. Hata yeye alishaanza kujitilia shaka.

Na wewe unayetaka kuuliza kwa nini sikupunguza volyumu: wazo hilo lilinijia nikiwa kitandani.

Fundi mitambo ndiye aliyezima kwenye mikseri. Kamati ikakata hela ya usafiri, keki sikuiona. Nikamfuata mzee na mashine mkononi, shikamoo baba, nikambonyezea na spika ndogo: pruu. "Umesikia, baba? Ni hii." Akaniambia niisogeze mbali na watu.

Leo mama mzazi wa binti kanipigia nirekodi maelezo awatumie wakwe. Nimerekodi, na mfano wa mlio juu. Wamesikiliza, wamejibu kwa adabu zote kwamba wameelewa, na wamemtumia mzee tangawizi.