Aiyuk aliistahili dola milioni 120

Kila mkataba wa Brandon Aiyuk, mchezaji wa mpira wa Marekani katika ligi ya NFL, unapotajwa, hoja ya kwanza huwa ileile: "Alidaka pasi 75 tu." Nimeisikia hadi nimechoka, na naamini inamdhulumu.

Msimu wa 2023 Aiyuk, mpokeaji (mchezaji ambaye kazi yake ni kudaka pasi) wa San Francisco 49ers, alidaka pasi hizo 75 akapata yadi 1,342 na tachidauni 7, yaani mara saba aliufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani. CeeDee Lamb wa Dallas Cowboys alidaka 135, yadi 1,749, tachidauni 12. Agosti 2024 wote wawili wakasaini mikataba mipya ya miaka minne: Lamb dola milioni 136, Aiyuk milioni 120. Ukiwasimamisha hivyo bega kwa bega, swali linakuja lenyewe. Mtu aliyedaka kidogo tu zaidi ya nusu ya pasi za mwenzake anapataje mshahara unaokaribiana na wake?

Ila mpokeaji hajirushii mpira. Kwenye soka, winga asiyepata pasi anaweza kushuka hadi katikati ya uwanja akautafute mwenyewe. Aiyuk hana ruhusa hiyo. Anakimbia njia aliyochorewa na kocha, halafu mpira unakuja kwake au unakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu alichodaka, nahesabu alichorushiwa. Lamb alirushiwa pasi 181, Aiyuk 105. Sasa gawanya yadi kwa pasi hizo: Lamb anapata kama 9.7, Aiyuk karibu 12.8. Hiyo ni tofauti kubwa mno. Kwa wastani, kila mpira ulioelekezwa kwake uliisogeza timu mbele yadi zaidi ya kumi, na katika mchezo ambao unapewa majaribio manne kutafuta yadi kumi, hiyo ni mali.

Na alirushiwa chache kwa sababu inayojulikana. Mwenzake Christian McCaffrey alikusanya yadi 2,023 msimu ule kwa kukimbia na kudaka. George Kittle, mwenzake mwingine, alivuka yadi 1,000 za kudaka. Deebo Samuel, mpokeaji mwingine wa timu hiyo, naye alitaka mipira yake. Sinia moja, walaji wanne, na bado Aiyuk ndiye aliyeongoza kwa yadi za kudaka.

Wapinzani wangu wana jibu hapa, tena jibu zito. Wanasema ni walaji hao hao waliomrahisishia kazi: mabeki wakimkodolea macho McCaffrey, nani anabaki kumkaba Aiyuk? Isitoshe, mfumo wa kocha Kyle Shanahan unajulikana kwa kuwafungulia wapokeaji nafasi. Mpe pasi 180 kwenye timu isiyo na nyota wengine, akabwe na watu wawili kila Jumapili, tuone kama hizo 12.8 zitabaki. Nakubali, zingeshuka. Kuubeba mzigo wa pasi nyingi ni kipaji cha aina yake, na Lamb amekithibitisha. Ndiyo maana sijawahi kudai Aiyuk alipwe kama Justin Jefferson, mpokeaji wa Minnesota Vikings, aliyepata dola milioni 140 kwa miaka minne. Milioni 30 kwa mwaka, chini ya Lamb na Jefferson, naona ilikuwa bei ya haki.

Halafu kuna kazi isiyoingia kwenye jedwali hata kidogo. Tazama tena mbio ndefu za McCaffrey za msimu ule, usimwangalie yeye, angalia pembeni. Mara nyingi utamkuta Aiyuk amemng'ang'ania beki, anamsukuma nje ya njia. Hakuna yadi anayoandikiwa kwa hilo.

Ningependa kutaja pia fainali ya kanda dhidi ya Detroit Lions, Januari 2024, 49ers wakiwa nyuma 24–7 wakati wa mapumziko. Brock Purdy, mrusha pasi wa 49ers, akarusha mpira mrefu, ukamgonga beki kichwani, ukaruka juu, Aiyuk akajitupa na kuudaka. Yadi 51. Muda mfupi baadaye akafunga tachidauni, na mchezo ukaisha 34–31 kwa 49ers. Mpira ule ulikuwa bahati, sibishi. Lakini yeye hakuacha kuufuata.

Tarehe 20 Oktoba 2024, dhidi ya Kansas City Chiefs, goti lake likachanika kano. Msimu ukaishia kwenye mechi saba, pasi 25, yadi 374, bila tachidauni hata moja. Tangu hapo naambiwa, "Umeona? Pesa imepotea." Hapana. Goti halikuwa ndani ya takwimu za 2023. Walioketi mezani Agosti ile walikuwa na kijana wa miaka 26, misimu miwili mfululizo ya zaidi ya yadi 1,000, na nafasi kwenye kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi. Ningekuwa mimi mwenye kalamu, ningesaini.