Fimbo ya Musa na Trei ya Mayai

Mwinjilisti wetu alinipigia Jumamosi saa tatu usiku. Mvua za masika zilikuwa zimeondoka na daraja, naye amekwama ng'ambo. "Mzee, kesho mimbari ni yako."

Nilidhani ananitania. Mimi kwenye mtaa wetu mdogo wa Kilutheri, huku mlimani Kilimanjaro, ni mtunza hazina. Kazi yangu ni kuhesabu sadaka na kunyoosha noti zilizokunjwa kama sambusa. Tena nina kigugumizi, na herufi inayonigomea kuliko zote ni m. Nikamwambia siwezi. Akasema simu inaisha chaji, ikakata.

"Siwezi," nikamgeukia mama watoto. Hata kuchambua mchele hakuacha. "Musa naye alisema ulimi wake mzito."

Basi kwa akili zangu, katika Biblia nzima nikaenda kumhubiri mtu ambaye jina lake linaanza na m.

Nikaandika kurasa nne juu ya Kutoka sura ya 4. Nikapiga magoti, nikaomba mambo mawili: Mungu anifungue ulimi, na mvua inyeshe watu wasije. La pili alilikataa mapema. Kulikucha jua kali, kanisa likafurika mpaka watoto wakapakatwa.

"Musa" wa kwanza alinichukua karibu nusu dakika, wanakwaya wakinisaidia kwa midomo. Kufika pale Mungu anapouliza ni nini kilicho mkononi, likanijia wazo ambalo halikuwa kwenye karatasi: nioneshe kwa vitendo, nipunguze maneno. Nikashuka, nikaazima fimbo ya bibi mmoja wa benchi la mbele.

"Bwana akasema, itupe chini!" Ulimi laini kama siagi. Nikaitupa.

Sasa, mbele ya madhabahu palikuwa na vitu vya mnada, yaani sadaka za kunadiwa baadaye: mkungu wa ndizi, maparachichi, jogoo kafungwa miguu, na trei ya mayai 30. Fimbo ilidunda sakafuni mara moja, ikachagua mayai. Jogoo akapaa na kamba yake, akatua juu ya kinanda cha kwaya, akabonyeza alichobonyeza. Kinanda kikaanza rumba.

Maandiko yanasema Musa alipoona fimbo yake imegeuka nyoka alikimbia. Mimi mlango ulikuwa nyuma ya watu wote wale.

Mpaka kinanda kinazimwa, karatasi zangu zilikuwa zimelowa ute. Nikasimama pale pale chini. "Ndugu zangu, mimi nimeishiwa. Jana nilimwambia Mungu siwezi, na nyote mmeona sikusema uongo."

"Amina!" ilitikisa mabati. Nikaongea kama dakika tano hivi, habari za woga wangu tu na za Mungu aliyemng'ang'ania mtu mwenye ulimi mzito. Kigugumizi kilikuwepo. Hakuna aliyetoka nje.

Kwenye mnada, mnadishaji akainua trei juu: "Mayai 11 yaliyookoka!" Likaja shangwe. Yakanunuliwa, yakarudishwa kanisani, yakauzwa tena, mara tatu. Shilingi 46,000, nilizihesabu kwa mkono wangu.

Mlangoni nikamkuta yule bibi ameshikilia nguzo, ananisubiri.

"Mwanangu, Musa aliishika nyoka mkia, ikarudi kuwa fimbo. Yangu iko wapi?"