Tuulize Kwanza Wazazi Walikuwa Wangapi

Skalopu ni jamaa ya chaza. Gamba lake ndilo lile la kwenye nembo ya Shell. Si mfugo wa mwambao wetu, lakini ubishi wa wafugaji wake unatuhusu: mbegu ipi, yaani wachanga wa kupandikiza shambani, hukua upesi: iliyonaswa baharini au iliyotoka kwenye kitotoleshi, mahali wanapozalishwa ndani ya matangi?

Wengi hukimbilia kujibu kitotoleshi. Silikubali jibu hilo hivihivi. Kitotoleshi hupasha maji joto na kuwashibisha wazazi mwani mdogo usioonekana kwa macho, kikapata vifaranga kabla ya msimu wa bahari. Ukiwapima wote siku moja, wa kitotoleshi watakuwa wakubwa kwa kuwa walitangulia kuzaliwa. Hapo umepima umri, hukupima ukuaji. Tena wadumavu walishachujwa kabla mfugaji hajawaona.

Wajapani wa Hokkaido na Ghuba ya Mutsu hawakuona haja ya kitotoleshi. Wao hutumbukiza mifuko ya matundu kama ile ya vitunguu, yenye vipande vya nyavu kuukuu ndani yake, msimu ambao viluwiluwi (watoto wachanga kabisa) wa skalopu wanaelea. Wanaonata humo hukua mpaka hawawezi tena kupenya matundu, basi wamenaswa. Ni bei rahisi, na kila mfuko una watoto wa wazazi wengi mno. Wengi wao wangeliwa au kufa wasiponaswa, kwa hiyo sioni uporaji hapo. Kuzamia na kukomba wadogo kutoka makazi yao ya asili, kama inavyofanyika Peru kwenye kisiwa cha Lobos de Tierra ili kulisha mashamba ya ghuba ya Sechura, ni habari nyingine kabisa.

China ndiko kwenye funzo zito. Mwaka 1982 waliingiza aina iitwayo skalopu wa ghuba (bay scallop) kutoka Marekani, wakabaki hai 26 tu. Kwa kuwa alikuwa mgeni, bahari ya China haikuwa na mbegu yake hata moja. Kila kifaranga kilitoka kitotoleshini. Anavunwa kabla ya kutimiza mwaka, na biashara ikavuma. Lakini ukoo mzima ulikuwa wa hao 26, na miaka ya tisini ikabidi walete damu mpya kutoka Amerika Kaskazini.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni maumbile ya skalopu huyu. Kila mmoja ni dume na jike kwa wakati mmoja, na mmoja huweza kutoa mayai mengi mno. Mzalishaji mvivu anaweza kujaza matangi kwa wazazi wachache, na mayai mengine yakarutubishwa na manii ya mzazi yuleyule aliyeyataga. Watoto wa namna hiyo hudumaa na kufa ovyo. Mfugaji atalaumu maji, atalaumu hali ya hewa, atalaumu nyavu.

Vitotoleshi navitaka. Skalopu wa porini ana miaka ya uhaba wa watoto, mifuko ikatoka mitupu, na bila kitotoleshi huwezi kuchagua uzao bora. Ninachokataa ni kuuziwa neno "bora" bila daftari la kumbukumbu za wazazi.

Zanzibar tayari ina kitotoleshi cha Beit el Ras, kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini kupitia FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa ajili ya mwatiko, kaa na majongoo bahari. Vifaranga wakigawiwa, mkulima asione haya kuuliza: wazazi walikuwa wangapi, walivuliwa wapi, na lini mara ya mwisho waliongezwa wapya?