Firigisi ya Namawojjolo

Basi letu la Kampala kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, lilikuwa halijasimama sawasawa pale Namawojjolo, soko la kando ya barabara, vijana wa muchomo, yaani nyama choma, tayari wanagonga madirisha: vijiti vya kuku mkono huu, gonja, ndizi ya kuchoma, ya moto mkono ule. Nikachukua kijiti cha firigisi. Hata kulipa bado, nikabugia moja nzima. Jirani akatupa utani kuhusu ulafi wangu, nikacheka, firigisi ikapita njia ya hewa.

Nilitaka kusema "nakufa", haikutoka hata "na". Kikohozi kikagoma. Nikashika koo kwa mikono miwili.

Basi zima likageuka baraza. "Mpe maji!" "Mmezesheni gonja iisukume!" "Inua mikono juu!" Mzee mmoja akataka kujua nimegombana na nani kule mpakani. Hajati wa kiti cha nyuma akanisogezea soda mdomoni. Jamani, pumzi imeziba, soda ipite wapi? Na muuzaji dirishani: "Ssebo (bwana), pesa yangu!"

Taniboi mmoja wa malori ndiye aliyeuliza la maana. "Kaka, unaweza kuongea? Kukohoa je?" Nikatikisa kichwa. Akaniinamisha mbele, akanitandika katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, mara tano.

"Anampiga mgonjwa!" Hajati akalia.

Firigisi haikubanduka. Taniboi akaja nyuma yangu, akanizungushia mikono, ngumi juu kidogo ya kitovu, akavuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu. Sasa kondakta anapanda ngazi, anaona nini? Mwanamume kamkumbatia abiria kiunoni, palepale wafanyabiashara wanapofunga pesa.

"Mwizi!"

Akamkamata taniboi kiunoni. Yeye anamvuta taniboi, taniboi ananivuta mimi, na kila kondakta akizidisha hasira tumbo langu linazidi kuminywa. Mvuto wa nne, firigisi ikachomoka, ikapaa dirishani, ikatua kwenye kiganja cha muuzaji kilichokuwa bado kimenyooshwa.

Akaitazama. "Ssebo, iliyotafunwa hatupokei."

Nikamlipa nikitweta. Taniboi, shati limechanika kola, akanisisitiza nikifika Kampala nipitie kwa daktari, kwa sababu kuminywa kule kunaweza kuumiza viungo vya ndani. Kondakta akamwomba radhi, kisha akamdai nauli upya.

Hajati naye, mpaka tunaingia Mukono, anawasimulia abiria jinsi soda yake ilivyoniponya.