Bakhita alisema hapana, tusimtumie kuwanyamazisha mabinti zetu

Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, mwanamke wa Sudan aliyeuzwa utumwani akaja kuwa sista, tulikuwa kanisani hapa Mtwara, mvua ya usiku imeacha madimbwi mpaka mlangoni, na misa ilipoisha mama mmoja akasimama kuongea na mabinti. Akasema mwigeni Bakhita, alipigwa akavumilia, alichanjwa akavumilia, wala hakujibu kitu, ndio maana leo ni mtakatifu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa kupiga sababu pembeni yangu alikaa binti aliyerudi juzi kutoka Dar alikokuwa anafanya kazi za ndani, kwenye mkono ana alama ya pasi, yaani mpaka ile ncha ya pasi unaiona, na mshahara wa miezi minne hajapewa. Akaniinamia akauliza, "Kwa hiyo dada, mimi nilikosea kukimbia?"

Hapana mdogo wangu, hukukosea. Na Bakhita mwenyewe alikimbia!

Alizaliwa Darfur kule Sudan karibu mwaka 1869, akaibiwa akiwa mtoto wa miaka kama 7 au 9 hivi, na hofu aliyoipata ilimsahaulisha mpaka jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita walimpa waliomteka, ni Kiarabu, maana yake mwenye bahati. Yaani ni Bahati huyu huyu wetu, mtaani kwangu wako wawili, na jioni mama zao wakiwaita waje kuoga nakumbuka yule mtoto wa Darfur ambaye hata jina aliitwa na mwizi. Basi huyo mtoto na mwenzie walitoroka usiku wakapita porini, wakamkuta mtu aliyejifanya anawasaidia kumbe akawafungia kwenye zizi la kondoo akawauza tena. Walikamatwa sawa, ila walikimbia, na hiki kipande sijawahi kusikia kikisimuliwa.

Kinachosimuliwa ni chale. Bibi yangu ni Mmakonde wa Newala, uso wake wote una chale, na nikiwa mdogo nilikuwa napitisha kidole kwenye ile mistari anacheka, anasema aliumia ila akatoka hapo msichana anayetazamwa, na walimchanja watu wake mwenyewe. Bakhita alilazwa chini akashikwa, mke wa jenerali mmoja wa Kituruki akaagiza achorwe kwa unga, kisha wembe ukafuata ile michoro, 114, na kila kidonda kikasuguliwa chumvi. Siwezi kuita hiyo shule ya uvumilivu jamani, ule ni ukatili tu, na Mungu hakuuagiza.

Sisi watu wa kusini tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa, maana Mikindani hapo na Kilwa Kivinje watu wametolewa bara kwa miguu wakauzwa, na Masasi mwaka 1876 misheni ya Waanglikana ilianza na watu waliokombolewa utumwani.

Nguvu yake ya kiroho mimi naiona kwingine. Kabla hajafundishwa dini yoyote alikuwa anatazama mwezi na nyota anajiuliza mwenye vitu hivi vizuri ni nani, anatamani amwone. Fikiria, mtoto ambaye kila "bwana" aliyemjua ana kiboko, halafu anamtamani Bwana mwingine. Akaja kununuliwa na konseli wa Kiitaliano, yaani balozi mdogo, akafika Italia, akawa yaya kwenye familia moja, na ile familia ilipotaka kumrudisha Sudan yeye yuko kwa masista Venice anajifunza dini, akasema hapana, siendi. Mama mwenye nyumba akalia, akabembeleza, akaleta wakubwa, na Bakhita alimpenda yule mama na mtoto aliyemlea lakini hakusogea. Ikafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikasema huyu ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Ile hapana ndiyo iliyomfikisha kwenye maji ya ubatizo, sasa tunawezaje kuhubiri sikukuu yake bila kuitaja?

Najua mtaniambia alisamehe. Ndiyo alisamehe, alisema angewakuta waliomteka angepiga magoti awabusu mikono, na maneno hayo yananizidi kimo, nayasoma nanyamaza. Lakini alisamehe akiwa huru, hakuna aliyemshikia wembe. Na hata hivyo alipokuwa anakufa kule Schio, Italia, mwaka 1947, mzee, sista wa miaka mingi, homa ilimrudisha utumwani akawa anamwomba nesi amlegezee minyororo, ni mizito.

Hayo yote nilimweleza yule binti tukiwa tumekaa kwenye ngazi za kanisa tunasubiri manyunyu yaishe. Alisikiliza ameufunika mkono na khanga, nilipofika kwenye mahakama akaniuliza, "Na yeye alikuwa hana mtu wa kumsindikiza?" Nikamwambia masista walisimama naye. Jumatatu saa mbili naenda naye ustawi wa jamii, tuanze na huo mshahara.