Tuhuma ya ubaguzi inapokosa mahali pa kupimwa

Tarehe 16 Julai 2019, Emanuel Cleaver alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuongoza kikao cha Baraza la Wawakilishi la Marekani. Cleaver ni mbunge Mweusi kutoka Missouri, Mdemocrat, na ni mchungaji wa kanisa la Methodisti. Siku mbili kabla yake Rais Donald Trump alikuwa ameandika Twitter kwamba wabunge fulani wanawake wa chama cha Democratic warudi kwenye nchi walikotoka. Kila mtu alijua anasemwa nani: wanawake wanne, watatu kati yao wazaliwa wa Marekani. Wa nne ni Ilhan Omar, aliyezaliwa Mogadishu na kuishi utotoni kwa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa.

Spika Nancy Pelosi alisimama akawataka wabunge wa vyama vyote viwili walaani maneno ya rais, akayataja kuwa ni ya kibaguzi. Doug Collins, Mrepublican wa Georgia, akadai maneno ya Pelosi yafutwe, kwa sababu kanuni za Baraza hazimruhusu mbunge kumsema rais hivyo. Mvutano ukachukua muda mrefu. Mwishowe Cleaver akasema anakiacha kiti, akaiweka chini nyundo, akatoka zake.

Akaingia Steny Hoyer kushika nafasi yake, na uamuzi aliousoma ulikuwa kwamba kweli Pelosi amevunja kanuni. Kisha wabunge wakapiga kura kuyaacha maneno yake yabaki kwenye kumbukumbu. Jioni hiyo azimio la kumlaani rais likapita kwa kura 240 dhidi ya 187. Warepublican walioliunga mkono walikuwa wanne tu.

Kisa hiki hunirudia kila ninaposoma habari za siasa za Marekani. Chombo kikubwa kabisa cha kutunga sheria nchini humo kilitumia muda mrefu kubishana kama neno linaruhusiwa kutamkwa. Swali la kama neno hilo ni kweli halikupata nafasi, na kura zilizopigwa zilifuata vyama karibu moja kwa moja.

Ni rahisi kusema Wamarekani wamerudi nyuma katika suala la rangi, lakini takwimu hazisemi hivyo. Mwaka 1958 shirika la Gallup lilipowauliza watu kuhusu ndoa kati ya Mweupe na Mweusi, waliozikubali walikuwa asilimia 4. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 94. Ni mabadiliko makubwa mno kwa muda wa maisha ya mtu mmoja. Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 1960 mzazi ambaye angechukizwa mtoto wake akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine alikuwa nadra, kama mmoja kati ya ishirini. Kufikia 2010, Warepublican karibu nusu walisema wangekereka, na Wademocrat theluthi moja. Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Pew kilikuta asilimia 72 ya Warepublican wanaamini Wademocrat hawana maadili kuliko Wamarekani wengine, na asilimia 63 ya Wademocrat wanawaona Warepublican vivyo hivyo. Miaka sita kabla yake idadi hizo zilikuwa 47 na 35.

Kwa hiyo mpaka wa chama umekuwa mkali, na ule wa rangi, angalau katika mambo ya ndoa, umelegea. Tatizo ni kwamba mipaka hiyo miwili imekuja kulaliana. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, ilipopita, Warepublican bungeni waliiunga mkono kwa uwiano mkubwa kuliko Wademocrat, maana Wademocrat wa majimbo ya kusini ndio walioipinga kwa nguvu zote. Mwaka huo huo seneta Strom Thurmond wa South Carolina akahama Democratic akaingia Republican, na mgombea urais Barry Goldwater, aliyeipigia sheria hiyo kura ya hapana, akashinda majimbo matano ya kusini. Miongo iliyofuata Weupe wengi wa kusini walivuka kwenda Republican, na Weusi karibu wote wakabaki Democratic. Ndiyo maana leo ukimtuhumu Mrepublican kwa ubaguzi unagusa rangi na chama kwa pigo moja, na yeye naye anasikia chama tu.

Sikubaliani na wanaosema tuhuma hizi ni silaha ya kisiasa na si zaidi. Yako mambo yaliyotokea mchana kweupe, na moja lilitugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa miaka kadhaa Wamarekani wasiohesabika waliamini Barack Obama alizaliwa Kenya, na kwa hiyo urais wake ni batili. Mwaka 2009 kikatolewa hadharani "cheti cha kuzaliwa" kutoka hospitali kuu ya mkoa wa Pwani, Mombasa. Juu kiliandikwa Jamhuri ya Kenya, na tarehe ya kutolewa ilikuwa Februari 1964. Mtoto yeyote aliyesoma historia Kenya anajua Jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964, kwa hiyo mwezi Februari hapakuwa na jamhuri ya kutoa cheti. Waghushi hawakujishughulisha hata kufungua kitabu. Trump ndiye aliyelishikilia suala hilo kuliko wote mwaka 2011, mpaka Obama akalazimika mwezi Aprili kutoa cheti chake kamili cha Honolulu. Trump alikuja kukiri kwamba Obama alizaliwa Marekani Septemba 2016, wiki chache kabla ya uchaguzi. Rais wa kwanza Mweusi ndiye aliyefanywa atembee na karatasi za kuthibitisha kwao ni wapi. Mweusi wa Marekani akiliita jambo hilo ubaguzi sioni la kumjibu.

Lakini yupo pia yule Mrepublican wa kawaida, mwenye duka la vifaa au dereva wa lori, ambaye kura yake inahusu bei ya mafuta na mpaka wa kusini, naye kila msimu wa uchaguzi anaambiwa amepiga kura ya chuki. Huyu ana la kusema, na takwimu za 2024 zimempa nguvu. Kwa makadirio ya Pew, Trump alipata asilimia 48 ya kura za Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kaunti ya Starr huko Texas, ambako karibu wakazi wote ni Walatino, ilimpigia kura mgombea urais wa Republican kwa mara ya kwanza tangu 1892. Kuwaambia watu wa Starr kwamba wamechagua ubaguzi dhidi yao wenyewe ni kuwavunjia heshima, na hakuna anayerudi kwenye chama baada ya kuambiwa hivyo.

Kila upande una kesi yake, basi. Linaloniumiza ni kwamba zamani palikuwa na mahali pa kuipeleka.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilizaliwa baada ya polisi wa Alabama kuwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, tarehe 7 Machi mwaka huo. John Lewis, kijana wa miaka 25, alivunjwa fuvu pale. Sheria hiyo iliyataka majimbo yenye historia ya kuwazuia Weusi yaombe idhini kabla ya kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi, iwe ni kuhamisha kituo au kupunguza siku. Jimbo lilipeleka badiliko lake Wizara ya Sheria au mahakama ya Washington, na lenyewe ndilo lililobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba haliwarudishi nyuma wapiga kura wa jamii ndogo. Wizara ilikuwa na siku 60 za kupinga. Ilikuwa kazi ya mafaili na hesabu, na hakuna aliyelazimika kuuliza gavana ana nini moyoni.

Na vyama vyote viliuthamini utaratibu huo. Mwaka 2006 sheria hiyo ilihuishwa kwa kura 390 dhidi ya 33 katika Baraza na 98 kwa sifuri katika Seneti, akaisaini George W. Bush, Mrepublican. Miaka saba baadaye, tarehe 25 Juni 2013, Mahakama ya Juu ikaifuta orodha ya majimbo yaliyotakiwa kuomba idhini, kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hoja ya Jaji Mkuu John Roberts haikuwa ya kipuuzi: orodha ilijengwa juu ya takwimu za miaka ya 1960 na 1970, na nchi imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg alimjibu kwamba huko ni kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa sababu hujalowa. Mimi naona Ginsburg alikuwa sahihi, na North Carolina ilitoa ushahidi upesi.

Watunga sheria wa jimbo hilo walikuwa wameomba takwimu za jinsi Weusi na Weupe wanavyopiga kura. Orodha ya majimbo ilipofutwa tu, muswada wao ukapanuliwa: siku za kupiga kura mapema kutoka 17 hadi 10, kujiandikisha na kupiga kura siku moja kukafutwa, na aina za vitambulisho zikabanwa. Mahakama ya rufaa iliibatilisha sheria hiyo Julai 2016, ikisema imewalenga Weusi kwa usahihi unaokaribia ule wa kisu cha mpasuaji. Maneno hayo yalinukuliwa kila mahali. Yaliyonukuliwa kidogo, na ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote, ni mengine ya hukumu hiyo hiyo: majaji walisema wazi kwamba hawadai mtunga sheria yeyote alikuwa na chuki ya rangi. Walisema kuwapunguzia Weusi nafasi ya kupiga kura kwa sababu wanachagua chama kingine ni ubaguzi wa rangi hata kama lengo lilikuwa kushinda uchaguzi. Kosa likaonyeshwa kwa tarehe na idadi, na watu wakaachiwa mioyo yao.

Linganisha na Georgia. Machi 2021 gavana Brian Kemp alisaini sheria mpya ya uchaguzi, na kesho yake Rais Joe Biden akaiita Jim Crow ya karne ya 21, yaani kifufuo cha zile sheria za utengano zilizowatawala Weusi wa kusini hadi miaka ya 1960. Januari 2022 alikwenda Atlanta akawauliza viongozi kama wanataka kusimama na Martin Luther King au na George Wallace, gavana aliyetetea utengano. Ligi kuu ya besiboli ilikuwa imeshahamisha mchezo wake wa nyota kutoka Atlanta kwenda Denver kwa kuipinga sheria hiyo.

Sheria yenyewe ilikuwa na mazito na mepesi. Ilikataza kumgawia maji au chakula mtu aliye kwenye foleni ndani ya futi 150 kutoka jengo la kura, katika jimbo ambalo watu wa Atlanta walishasimama saa nyingi juani kwenye uchaguzi wa mchujo wa Juni 2020. Masanduku ya kudondoshea kura za posta yaliwekewa kikomo cha moja kwa kila wapiga kura 100,000. Lakini masanduku hayo hayakuwamo kabisa katika sheria za Georgia kabla ya korona, na sheria hiyo hiyo iliongeza Jumamosi ya lazima kwenye upigaji kura wa mapema. Mwaka 2022 zaidi ya watu milioni 2.5 walipiga kura mapema, na Warepublican wakauliza Jim Crow gani hii. Upande wa pili ukaonyesha kwamba pengo la kujitokeza kati ya Weupe na Weusi lilikuwa kubwa kuliko 2018. Yote mawili ni kweli. Kusema Jim Crow kulikuwa kosa la Biden, maana aliyekumbuka Selma alijua hiki si kile, na aliyetaka kisingizio cha kutosikiliza alikipata. Hata hivyo, nani alipaswa kueleza kwa nini maji yakatazwe? Kabla ya 2013 Georgia ingelazimika kujibu swali hilo kwa maandishi, kabla mpiga kura hata mmoja hajasimama foleni.

Baadaye Wizara ya Sheria ya Biden ilifungua kesi, Juni 2021. Ilikuwa bado haijatolewa hukumu Machi 2025, wizara hiyo hiyo chini ya Trump ilipoiondoa. Kesi za asasi za kiraia ziliendelea polepole. Julai 2025 mchezo wa nyota ulirudi Georgia, ukachezwa katika kaunti ya Cobb, nje kidogo ya Atlanta. Kanuni ya futi 150 ilikuwa bado kwenye vitabu.