Ripoti ya Mikopo Marekani: Nani Huijaza, na Nani Huachiwa Kazi ya Kuisahihisha

Mtu anayenyimwa mkopo nchini Marekani kwa sababu ya ripoti yake ya mikopo, yaani kumbukumbu ya madeni yake na jinsi alivyoyalipa, huidhania ripoti hiyo kuwa hukumu ya kampuni inayomfahamu. Sivyo. Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu hizo, hazijui lolote kuhusu malipo yake mpaka ziletewe habari na benki, kampuni za kadi, wakopeshaji wa nyumba na magari, na wakusanyaji wa madeni. Habari za kufilisika hutoka mahakamani. Kwa kuwa kwa kawaida mkopeshaji halazimiki kisheria kupeleka taarifa, na anayepeleka aweza kuzipelekea kampuni moja akaziacha mbili, ripoti tatu za mtu mmoja mara nyingi hazilingani.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Pasipo kumbukumbu ya pamoja, aliyelipa madeni yake kwa uaminifu kwa miaka mingi angeonekana mgeni kwa kila mkopeshaji mpya, na mgeni hutozwa riba ya wasiwasi. Tena sheria ya mwaka 1970 kuhusu ripoti hizi iliweka mipaka: habari mbaya nyingi huondolewa baada ya miaka 7, ingawa kufilisika kwaweza kubaki hadi miaka 10. Marekebisho ya mwaka 2003 yalimpa kila mtu haki ya kupata ripoti moja bure kila miezi 12 kutoka kwa kila kampuni, na tangu mwaka 2023 kampuni hizo zimeifanya huduma ya bure ya kila wiki kuwa ya kudumu.

Njia rasmi ya kuzipata zote tatu ni tovuti ya AnnualCreditReport.com, au simu, au barua. Mwombaji hutoa jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya hifadhi ya jamii, na kujiombea ripoti hakumpunguzii alama ya mikopo, yaani namba inayotokana na ripoti ambayo wakopeshaji huitumia kumpima. Tovuti inayotangaza ripoti ya bure huku ikidai namba ya kadi ya benki ni ya kuepukwa. Aliyenyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti ana siku 60 za kudai nakala ya bure kutoka kwa kampuni iliyoitoa.

Lakini haki ya kusoma si haki ya kusahihishiwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi. Mtu akipinga kosa, kampuni hupewa kwa kawaida siku 30 kulichunguza, na uchunguzi wenyewe hutegemea sana jibu la yuleyule aliyeleta habari. Akisema rekodi zake ziko sawa, kosa laweza kubaki. Kampuni hujibu kwamba haziwezi kuwa mahakama ya kila deni, na kwamba wakopeshaji wakibanwa mno wataacha kupeleka hata habari nzuri. Hoja hiyo naikubali kwa kiasi, kwa maana mwenye kumbukumbu chache ndiye angeumia kwanza. Hata hivyo anayeandikwa hakuchagua kuandikwa: wizi wa data za Equifax mwaka 2017 uliwagusa watu wapatao milioni 147, na wengi wao hawakuwahi kuwa wateja wa kampuni hiyo.

Maadamu sheria iko hivyo, pingamizi lipelekwe kote kuwili, kwa kampuni iliyotoa ripoti na kwa mkopeshaji aliyeleta habari, kwa maandishi, pamoja na nakala za risiti na taarifa za benki. Hati halisi zibaki kwa mwenyewe.